Nilikufa Itigi, Nikarudi na Koti

Naanza na gharama, maana ndiyo nyote mnayouliza kabla hata ya salamu. Safari nzima ya Itigi, kwenda na kurudi, imenila jogoo mmoja, kilo mbili za sukari, doti ya khanga iliyotumika kama sanda, heshima yangu kwa nyumba kumi na moja za jirani na stesheni, na siku tatu za ruhusa ya ziada ambazo mganga mfawidhi wangu anasema hakunipa. Nilichorudi nacho ni cheti kimoja na koti moja la reli. Nimehesabu mara mbili. Vifungo vya koti sivitaji hapa, kwa sababu idadi yake imebadilika juzi, na huko nitafika.

Kwa atakayesomewa barua hii na hanijui: mimi ni Ester, muuguzi wa zahanati hapa Utemini, mzaliwa wa Ulemo, Mnyiramba kwa baba na kwa mama. Kabla sijavaa gauni jeupe niliuza kuku mnadani pamoja na baba. Alinifundisha kuhesabu kuku mara mbili, mara moja wakiwa tengani na mara ya pili mnunuzi akiwa anaondoka. Siku hizi nahesabu vidonge.

Nilitumwa Itigi kujifunza kitu wanachokiita tiba shufaa, yaani namna ya kumhudumia mtu ambaye hatapona: apunguziwe maumivu, asemeshwe vizuri, aagane na watu wake kwa jinsi ya kwao. Habari za barua, mihuri na sahihi naziruka. Mnazijua, na zikisimuliwa zinachosha kuliko safari yenyewe.

UTEMINI HADI MANYONI

Tangu biashara iwe huria, stendi ya Singida ina mabasi ya watu binafsi hadi unachanganyikiwa. Asubuhi ile yalikuwa matatu ya Manyoni, na kila moja lina mpiga debe anayeapa kwa mama yake kwamba lake linaondoka sasa hivi. Nilipatana na wote watatu. Nikachagua lile ambalo injini ilikuwa inaunguruma, nikijisifu kwamba mimi si mshamba. Tulipofika Ikungi ndipo nikaelewa. Injini haikuzimwa kwa sababu ikizimwa haiwaki.

Ilizimika yenyewe Issuna.

Tulikaa pale saa tano. Wanaume walisukuma basi mbele, halafu dereva akasema lisukumwe nyuma, kwa hiyo kwa hesabu yangu tulikuwa tumesafiri sifuri. Nilikula mayai mawili ya kuchemsha na mhogo. Jogoo nilimnunua hapohapo. Sikumhitaji hata kidogo, ila muuzaji alitaja bei ya kijinga, nami sina moyo wa kuiacha bei ya kijinga ipite.

"Mama, huyo jogoo nimekupa bure," alisema muuzaji.

"Kama ni bure mbona umeshika noti yangu?"

"Nimeishika tu isipeperuke."

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa kijana msafi, suruali imenyooshwa mpaka inakata, amebeba kitabu kidogo cha mafunzo. Athumani, muuguzi wa Manyoni, Mgogo, swala tano. Kumbe naye anakwenda Itigi kwenye mafunzo yaleyale. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa amekwishasoma kitabu chote.

"Dada Ester, kuna maswali matano ya kumuuliza mgonjwa asiyepona," aliniambia. "Ukiyauliza kwa mpangilio, anafunguka."

"Kama kopo?"

"Kama mlango, dada."

Nikamwambia watu wa kwetu mlango wanaufungulia kwa ndani. Akaandika maneno yangu kwenye daftari. Nilijua huyu tutasumbuana.

MANYONI HADI ITIGI

Ubao wa stesheni ya Manyoni uliandikwa kwa chaki kwamba treni inafika saa nne. Haukuandikwa saa nne ya lini. Tulilala kwa shangazi yake Athumani, tukaamkia stesheni, na mpaka saa nane mchana tulikuwa tumekunywa chai mara tatu na jogoo wangu alikuwa amezoeana na watu wote.

Athumani akaamua kutumia muda vizuri. Alimfuata babu mmoja aliyekaa kwenye benchi na kifurushi chake, akampa shikamoo, akapiga magoti kabisa, kisha akaanza na swali la nne, maana alikuwa na haraka.

"Babu, siku zako zikifika mwisho, ungependa nani awe karibu nawe?"

Babu alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjukuu wangu, wewe ni wa reli?"

"Hapana babu, ni wa afya."

"Basi mbona unajua treni haitakuja mpaka nife?"

Treni ilikuja saa kumi. Babu alipanda behewa lingine kabisa, na kila tuliposimama alichungulia dirishani kuona kama Athumani bado yumo.

ITIGI: JINSI NILIVYOKUFA

Tulikuwa watu kumi na sita katika ukumbi wa kukodi, hatua chache kutoka stesheni. Madirisha yake hayakuwa na vioo. Hilo lishikeni, lina kazi mbele.

Mwalimu wetu alikuwa Daktari Zuhura, mama mfupi kutoka Dar es Salaam, sauti laini, macho makali. Alijua kazi yake. Alitufundisha kupima maumivu kwa vidole vya mkono, alitufundisha ile dawa ya maji yenye uchungu inayokaa kwenye sanduku la kufuli, na namna ya kumgeuza mgonjwa asiote vidonda. Hapo tulikwenda naye sawasawa. Tulikwama siku ya pili, alipoandika ubaoni: MGONJWA ANA HAKI YA KUJUA.

"Anajulishwa na nani?" aliuliza Athumani.

"Na wewe, muuguzi."

Mmoja akasema kwao habari hiyo anapewa mjomba kwanza. Mwingine akasema kwao anaitwa shehe, na shehe ndiye anajua aanzie wapi. Wa tatu, anayehudumia wafugaji, akasema kwao haambiwi mtu, anaulizwa tu ng'ombe gani achinjwe, na mwenyewe anaelewa. Waliofuata walirudia hayohayo. Nilihesabu majibu matatu kutoka kwa watu saba. Waliobaki tisa walinyamaza, nikawahesabu mara mbili, maana kwetu anayenyamaza ndiye mwenye jibu.

Daktari Zuhura hakukasirika. Alisema, "Basi kesho tuigize. Nataka nione msiba wenu ulivyo, kuanzia mgonjwa anakata roho mpaka jirani anaingia."

Akatafutwa wa kufa. Niligundua mapema kwamba wote watakaa kwenye mabenchi ya mbao isipokuwa maiti, aliyetengewa godoro. Nikanyoosha mkono. Nikaongeza sharti kwamba maiti haoshi vyombo vya mchana. Wakakubali.

Basi siku ya tatu, asubuhi kweupe, nikafa. Walinifunika khanga yangu mwenyewe. Wenzangu wa Iramba wakaanza kulia, na wale wanawake wamelia kwenye misiba ya kweli tangu wakiwa wadogo, hawajui kulia nusu. Dakika kumi tu, kuta zilitetemeka. Mimi godoroni nilikuwa nasinzia.

Nje majirani wa stesheni wakasikia. Msiba umeingia ukumbini, marehemu ni mgeni, hana ndugu hapa. Mnajua watu wetu. Hakuna aliyeuliza swali. Wakabeba kuni, wakabeba unga, wakajitwika ndoo za maji, wakaja.

Athumani alikuwa anaigiza kaka wa marehemu, yuko mlangoni. Alipowaona akadhani ni waigizaji walioandaliwa na daktari. Daktari naye alidhani ni ndugu walioandaliwa na sisi wenyeji. Kwa hiyo wote wawili walifurahi sana. Athumani aliwapokea kwa mikono miwili, akasema "poleni na safari", na Daktari Zuhura alikuwa pembeni anaandika: vizuri sana.

Niliamshwa na harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo ngeni. Chini ya khanga niliona miguu. Nikaihesabu, nikagawanya kwa mbili, wakatoka watu kumi na wanane ambao hawakuwa wa darasa letu. Kabla sijajua la kufanya, mama mmoja akapiga magoti karibu na sikio langu.

"Pole dada," alinong'ona. "Umefia ugenini. Tangulia tu. Mume wangu yuko nyuma yako, daktari aliniambia mimi, na mimi sina ulimi wa kumwambia. Anaumwa, dada. Anauma meno usiku ili nisimsikie. Wewe uliyekwishafika huko, nifanyeje?"

Ndugu zangu, nimeulizwa bei za kila namna maishani, lakini swali kama lile sijawahi kupewa. Nililala pale na kope zimenibana, nikijua kwamba nikiamka namtia aibu, na nisipoamka namdanganya. Akanishika mguu kuniaga. Mguu ulikuwa wa moto.

"Mama," nilisema taratibu, "mimi si marehemu. Ni muuguzi."

Nilihesabu baadaye. Walioingia kwa mlango kumi na wanane. Waliotoka kwa mlango wanane. Tisa walitumia madirisha, na hapo ndipo kukosa vioo kulipotusaidia. Yule mama peke yake hakukimbia. Alibaki amepiga magoti, mkono mdomoni, ananitazama.

"Wewe kabila gani?" aliuliza mwishowe.

"Mnyiramba."

Akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Nilijua! Mnyiramba hata kufa anafanya hila! Nimemwaga machozi yangu bure kwa mtani!"

Yeye na mumewe ni Wanyaturu wa upande wa Ikungi, na sisi na wao tunataniana tangu bibi zetu. Mtani anakutukana na hushitaki. Mtani anaingia msibani kwako akicheka, amevaa nguo ya marehemu na kumwigiza, na usipomwona akicheka unauliza kulikoni. Hilo nalo lishikeni.

Majirani walirudi mmoja mmoja, wengine wamekasirika, wengine wanataka kumwona maiti anayeongea. Tulitaka kuwarudishia kuni zao. Yule mama, Mama Mghenyi, akatukataza.

"Kuni zilizotoka kwa ajili ya msiba hazirudi nyumbani kwa mtu. Mnataka kutupelekea nini?"

Basi zikawashwa, unga ukasongwa, jogoo wangu wa Issuna akaingia sufuriani, sukari yangu ikaingia kwenye chai, na tukala wote matanga ya mtu aliyekuwa anakula pamoja nasi. Daktari Zuhura aliamua kwamba mchana twende nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nyumba kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Mghenyi.

NG'AMBO YA RELI

Mzee Mghenyi alikuwa amekaa kitini amevaa koti zito la reli, jua linawaka. Maisha yake yote alikagua njia, akitembea kwa miguu juu ya mataruma yanayobeba reli, akitafuta yaliyolegea. Sasa uvimbe ulikuwa tumboni, mkubwa, na jasho lililokuwa kwenye paji la uso wake halikuwa la jua.

Njiani Mama Mghenyi alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza, dawa ya maumivu waliletewa, mzee akaikataa. Alisema hiyo ni dawa ya mtu wa mwisho, na yeye hakuna aliyemwambia kwamba ni wa mwisho. La pili, aliota yuko kwao Ikungi, zizini kwa baba yake, akaamka ananusa mikono.

"Si umwambie mwende?" nilimuuliza.

"Nikimwambia twende kwenu, nimemwambia unakufa. Mke akitamka hivyo ni kama anamwombea."

Athumani alianza, kwa sababu kitabu alikuwa nacho yeye. Akapiga magoti. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, wewe mwenyewe unaelewa nini kuhusu ugonjwa wako?"

"Wewe umesoma?"

"Nimesoma, mzee."

"Serikali inakulipa?"

"Inanilipa."

"Halafu unaniuliza mimi?"

Athumani akafunua ukurasa. Daktari Zuhura akamgusa bega aache. Wote tuliokuwa pale tulijua, na mzee alijua kwamba tunajua. Mkewe alikuwa anafuta kikombe kisafi.

Mimi nilikuwa natazama koti. Vifungo vya shaba, vinane. Nikavihesabu tena kutoka chini kwenda juu. Vinane. Sikupanga, mdomo ulifunguka wenyewe kama ulivyozoea mnadani.

"Shikamoo mtani. Hilo koti utakapokwenda zako anachukua nani?"

Mama Mghenyi aliangusha kikombe. Mzee alinitazama muda mrefu sana, nikaanza kuhesabu njia ya kutokea.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule maiti," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Mnyiramba."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi cha ngazi tatu, viwili vifupi na kimoja kirefu kama treni inaomba njia. "Mnyiramba! Sijapoa, unataka koti!"

"Nawahi bei kabla haijapanda, mtani."

"Koti hili limenikuta kijana. Una nini cha kutoa?"

"Wewe sema unachotaka, mimi nitakuambia ni ghali."

Akaacha kucheka. Alimtazama mkewe, si mimi. "Nataka kwetu. Nataka nifike mimi mwenyewe, nikiwa na macho, niwaone ng'ombe. Sitaki kupelekwa kwenye mbao kama mzigo. Nifikishe kwetu, koti lako."

Mkewe alikaa chini palepale kwenye vipande vya kikombe, akamshika mguu. Sasa walikuwa wanaweza kulia, maana neno lilikuwa limekwishasemwa na mtu ambaye haruhusiwi kukasirikiwa. Sisi tulitoka nje tukajifanya tunatazama reli.

Tuliporudi, mzee mwenyewe aliuliza, "Ile dawa iko wapi? Kama nasafiri, nisafiri vizuri."

Kesho yake Daktari Zuhura alifuta ubao. Mahali pa sentensi yake akaandika swali: NANI KWENU ANARUHUSIWA KUSEMA? Tukabishana siku nzima, na safari hii hata wale tisa walizungumza.

ITIGI HADI MKIWA

Lori lilikuwa la asali na mbao, linakwenda Singida kupitia Mkiwa. Dereva, Masanja, Msukuma mnene mwenye kofia ya mtumba, alikubali kubeba wanawake wawili. Alipomwona mzee akabadilika.

"Mama, gari langu halibebi maiti."

"Maiti nilikuwa mimi wiki hii," nilimwambia. "Huyu ni mzima."

"Mzima wa mpaka lini?"

Mzee akamjibu kabla yangu. "Dereva, sogea. Sikiliza. Nikifa njiani, hulipwi. Nikifika nikiwa hai, ndugu yangu anakupa mbuzi dume. Kwa hiyo wewe ndiye utakayeniombea kuliko hawa wote."

Masanja alifikiri. "Mkubwa kiasi gani?"

"Anafika hapa," mzee alionyesha kiunoni. Masanja akainua mkono wake mpaka kifuani. Wakakutana tumboni.

Mzee alikataa kulala. Tulimkalisha kwenye godoro kati ya mapipa ya asali, akitazama mbele, mkewe mgongoni kwake kama egemeo. Daktari Zuhura alikuwa amenipa chupa ya dawa, kikombe cha kupimia na maandishi ya saa. Nilipima mara mbili kila dozi. Mzee alikuwa na saa yake ya mkononi.

"Mnyiramba, dawa imechelewa dakika nne."

"Treni zenu zilikuwa zinachelewa siku nzima."

"Treni ilichelewa, sikuchelewa mimi."

Masanja aliendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alipunguza, akatoa kichwa na kuuliza, "Mbuzi wangu hajambo?" Na mzee akajibu, "Analia, lakini yupo."

Tulipofika Mkiwa gurudumu lilitoboka. Nusu siku. Habari zikaenea kwamba kuna mzee wa Ikungi anarudi kwao, na wanawake wa Kinyaturu wakaja kutoka sijui wapi, mmoja na uji wa uwele, mwingine na mlenda, mwingine na habari za ukoo mzima. Bibi mmoja alinitazama ninavyompimia mzee dawa, akatikisa kichwa.

"Na mke mdogo umeoa lini, Mghenyi?"

Hapa nilitegemea mzee aniokoe. "Juzi," alisema. "Wa Kinyiramba. Mahari wamenidai koti."

"Umepunjwa," alisema bibi.

Mama Mghenyi alicheka mpaka akafuta macho. Lakini maumivu nayo yalikuja, saa moja kabla ya dozi, na mzee akashika pipa kwa mikono miwili. Nilimwonyesha vidole vitano kama tulivyofundishwa, aonyeshe ni ya kiasi gani. Akainua vinne. Halafu akakunjua na cha tano. Maandishi ya Daktari Zuhura yaliruhusu kipimo kidogo cha katikati kwa saa kama hiyo. Nilikisoma mara mbili, nikampa. Masanja alikaa chini kwenye tairi lililotoboka, kofia mkononi, hakuulizia mbuzi. Tulingoja. Vidole vikawa vinne, vikawa vitatu, vikawa viwili.

"Haya," mzee akasema. "Mbona gari halijafungwa gurudumu?"

MKIWA HADI ZIZINI

Baada ya Ikungi tuliacha barabara kubwa. Mzee alianza kutaja kila kitu kama karani wa stesheni anayetangaza: mwamba wa fulani, kisima cha fulani, shamba walilogombania baba yake na fulani. Mengine hayakuwepo tena. Palipokuwa kisima sasa kuna mashine ya kukamua alizeti ya mtu binafsi, inapiga kelele. Alisonya, akaendelea.

Ndugu yake mdogo alitoka kwenye tembe akiwa kifua wazi, akasimama. Hakuna aliyelia. Walisalimiana Kinyaturu, salamu ndefu, ng'ombe, mvua, watoto, kama vile mtu karudi kutoka sokoni. Masanja alikabidhiwa mbuzi wake, akampima kiunoni, akampima tena tumboni, akaridhika.

Mzee alisema atatembea. Tulimshika kwapani, mimi huku, mkewe kule, kutoka lori mpaka lango la zizi. Nilihesabu hatua tisa. Yeye akasema, "Kumi." Sikurudia kuhesabu.

Alishika mti wa lango, akavuta harufu. Ng'ombe mmoja akageuka akamtazama, akaendelea kutafuna. "Huyu hanijui," alisema. "Mama yake alinijua." Kisha akaomba chakula. Alikula tonge mbili za ugali wa mtama kwa mlenda. Mkewe aliniambia hizo zilikuwa mbili zaidi ya alizokula wiki nzima.

Nilimkabidhi ndugu yake chupa, nikamfundisha kupima, nikamwambia apime mbele yangu mara mbili. Muuguzi wa zahanati ya pale nilimfuata mwenyewe, nikamwachia maandishi, naye ndiye anayekwenda kila siku ya pili.

Asubuhi ya kuondoka mzee alivua koti. Nilimwambia, "Kaa nalo mtani, baridi."

"Bei ni bei." Akaomba kisu, akakata kifungo cha juu kabisa, akakifumbata. Akanipa koti lenye vifungo saba. "Hiki cha nane nabaki nacho. Siku kitakapokufikia, ujue ni zamu yako. Uje umelivaa. Na ukohoe kama mimi, vizuri, si ovyoovyo. Viwili vifupi, kimoja kirefu."

"Na nikikosea?"

"Utanirudishia koti. Na usilie. Wenye kazi ya kulia ni wengi, wewe nimekununua kwa kazi nyingine."

UTEMINI TENA

Mganga mfawidhi alinipokea na swali la siku tatu. Nilimwonyesha cheti. Akauliza koti ni la nini. Nikamwambia ni vifaa vya mafunzo, na kwa kweli sikudanganya.

Juzi kondakta wa basi la Ikungi alishuka stendi akaniulizia mpaka akanipata. Karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ndani yake kifungo. Ndugu yake alikuwa ameandika mstari mmoja, kwamba kaka aliondoka mchana, amekaa langoni, mkewe yuko naye, na vidole vyake vilikuwa viwili.

Nimekishona. Vinane. Sikuhesabu mara ya pili, sikuona sababu.

Kesho naondoka na basi la kwanza kuwahi matanga, na safari hii nitachagua lenye injini iliyozimwa. Koti limepigwa pasi. Athumani amepata habari, ananikuta Ikungi, anasema anakuja kujifunza, kitabu anakiacha nyumbani. Shida iliyobaki ni moja, na ndiyo iliyonifanya niandike yote haya usiku wa leo badala ya kulala. Tangu juzi nafanya mazoezi ya kikohozi chumbani. Viwili vifupi natoa vizuri kabisa, hata jirani kagonga ukuta kuuliza kama nina mgonjwa. Kile kirefu kinakatika katikati kila mara, na macho yananivuja.

Ninyi mlioolewa kwa Wanyaturu, na ninyi wa Unyambwa mnaozikana nao kila mwaka, nishaurini kabla basi halijaondoka. Mtani akilia msibani anatozwa nini? Mnitajie bei ya mwisho, si ya kuanzia. Safari hii sipunguziwi, nitalipa.